Njia za Mizimu Nairobi: Vidokezo 7 kwa Anayetembea kwa Miguu

Visa vya mizimu vya Nairobi havikuzuka hivi hivi tu. Ukivifuatilia, mara nyingi unakuta mtu halisi: aliyefia ugenini, aliyezikwa jamaa zake wasijue wapi, au aliyeuawa na haki isitendeke. Vaa viatu imara, beba maji, uanze asubuhi.

1. Anzia kwa Kimathi. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, imesimama kwenye barabara yenye jina lake tangu 2007. Wakoloni walimnyonga katika gereza la Kamiti mnamo Februari 1957 wakamzika humo humo gerezani, na familia yake imelitafuta kaburi kwa miongo mingi. Karibu na sanamu hiyo ni jengo lililokuwa hoteli ya Hilton, alikoonekana mbunge J.M. Kariuki mara ya mwisho akiwa hai tarehe 2 Machi 1975. Mwili wake ulipatikana Ngong, ameuawa. Jiulize: mtu asipozikwa kwa heshima, watu wataachaje kusimulia kwamba bado anatangatanga?

2. Pitia Arboretum. Bustani hii ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa kuwa reli ilihitaji kuni. Leo ina njia nzuri za kivuli, na tumbili wengi: ficha ndizi zako. Hapa ndipo mahali pa kuizoesha miguu kabla ya safari ndefu.

3. Ukifika Lavington, tafuta misheni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Walileta mibuni kutoka misheni ya Bura, Taita, na shamba lao likawa miongoni mwa chimbuko la kahawa ya Kenya. Mashamba yamegeuka maghorofa, lakini kanisa la mawe lingalipo na waumini wanasali. Tembea taratibu, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukumbuke kwamba kabla ya mibuni palikuwa na familia za Wakikuyu zilizolima hapa.

4. Uheshimu mugumo. Kwenye barabara ya Waiyaki, Westlands, kuna mti mkubwa wa mugumo wenye umri wa zaidi ya karne. Ulikuwa ung'olewe kupisha barabara kuu ya juu, watu wakapaza sauti, na Novemba 2020 amri ya rais ikaunusuru. Kwa Wakikuyu, chini ya mugumo ndipo palipotolewa sadaka kwa Ngai (Mungu), na wazee huonya kwamba anayeukata hujiletea balaa. Usivunje tawi, usichonge jina. Simama pia dakika moja umkumbuke Waiyaki wa Hinga mwenyewe, kiongozi wa Wakikuyu ambaye barabara hii ina jina lake: alikamatwa kwenye ngome ya Waingereza Kabete mwaka 1892, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Simulizi ya watu wake inasema alizikwa akiwa hai, kichwa chini. Hata ukitilia shaka namna alivyozikwa, uchungu uliozaa simulizi hiyo ni wa kweli.

5. Ingia pangoni ukiwa na tochi. Njia ya Ololua, Karen, iko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Nyani. Utapita mianzi na mafunjo, utafika kwenye maporomoko ya Mto Mbagathi, kisha pango ambalo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Popo wanaruka na sauti zinarudi zikiwa nzito, kwa hiyo ni rahisi kusikia hatua za mtu mwingine. Zima tochi kidogo, uwafikirie vijana waliolala gizani namna hiyo usiku baada ya usiku wakiwindwa.

6. Ngong usiende peke yako. Panda matatu ya 111 hadi mjini Ngong, kisha uende kwenye Vilima vya Ngong kwa kundi na uombe askari wa misitu akusindikize. Juu ya vilima hivi amezikwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931. Mpenzi wake, mwandishi Karen Blixen, aliandika kwamba Wamaasai waliwaona simba wakipumzika juu ya kaburi hilo. Kisa hicho kinajulikana dunia nzima. Cha J.M., aliyetupwa kwenye vilima hivi hivi, wageni wengi hawajawahi kukisikia. Msimulie mwenzako mkiwa mnapanda.

7. Sikiliza wazee, kisha usome. Ukikutana na mzee au cucu (bibi) anayeuza mboga kando ya njia, msalimu vizuri, ununue kitu, ndipo uulize habari za zamani. Usimkatize hata kama hadithi ina majini na vivuli. Baadaye nenda kwenye Makavazi ya Taifa, Moi Avenue, ulinganishe na nyaraka. Nyaraka za wakoloni ziliandikwa na walioshika bunduki, na simulizi zikahifadhiwa na waliofiwa. Anayetaka kuijua Nairobi anahitaji zote mbili, na watoto wetu wanastahili kuzipata tukiwa bado tuna wa kuwauliza.