Kiti cha Shangingi, Kiti cha Gari la Spoti, na Kiti Chako

Ukurasa wa Masomo: kwa vikundi vya masomo vya matawi



Somo letu la leo linahusu viti. Huenda wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na viti vya magari ya matajiri? Jibu ni hili. Watengenezaji wa magari ya bei kubwa wametumia fedha nyingi na miaka mingi kuchunguza jinsi mtu anavyokaa. Elimu waliyoipata si siri. Dereva wa trekta, wa lori na wa foklifti ana mgongo wa namna ile ile aliyo nayo meneja. Tukiifahamu elimu hiyo, tutajua la kudai.

1. Mgongo unapokaa

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu kinachofanya kazi kama springi. Mtu akisimama wima, kiuno chake huingia ndani kidogo. Akiketi bila egemeo, nyonga huzunguka kwenda nyuma na mgongo hupinda kama upinde.

Daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima presha ndani ya visahani hivyo kwa sindano maalumu katika miaka ya 1960 na 1970. Presha ya mtu aliyesimama ikihesabiwa kuwa 100, ya aliyekaa bila egemeo ilikuwa 140, na ya aliyekaa huku ameinama mbele ilikuwa 185. Mwaka 1999 wachunguzi wa Ulm, Ujerumani, walipima tena kwa vyombo vipya. Wao waliona kwamba kukaa kwa kujilegeza hakuzidi kusimama. Hata hivyo vipimo vya zamani na vipya vinakubaliana juu ya mambo mawili: kuinama mbele huzidisha presha sana, na kuegemea nyuma huipunguza.

Adui wa pili ni mtikisiko. Kila kitu kina mwendo wake wa kutikisika. Mwili wa mtu aliyekaa huitikia zaidi mitikisiko ya juu na chini ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Mashine ikitikisika kwa mwendo huo, mwili hauizuii bali unaizidisha. Anayefanya kazi hiyo miaka mingi yumo katika hatari kubwa zaidi ya maumivu ya kiuno.

2. Kiti cha shangingi

Shangingi ni lile gari refu la kifahari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jina hilo latoka kwa ndugu zetu wa Tanzania. Gari la namna hii halikuanza na anasa. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu ya mpira, ili mwenye gari aweze kuliosha ndani kwa maji baada ya kutoka shambani. Ngozi, viti vya kupashwa joto na injini ndogo za kusogeza kiti zilikuja baadaye, wanunuzi walipobadilika.

Ubora wa kiti hiki ni wa namna tatu. Kwanza, kiko juu. Mtu hukaa kama akaaye kwenye kiti cha mezani: magoti yamekunjwa, nyayo ziko chini, na nyonga haziporomoki nyuma. Kuingia na kutoka ni rahisi, hata kwa mzee. Pili, chini yake mna springi ndefu na shokapu, na mara nyingi mifuko ya hewa, kwa hiyo shimo la barabarani hupunguzwa kabla halijafika kwenye kiti. Tatu, hurekebishwa kila upande: urefu, kina, mwinamo, na mahali pa kiuno. Vingine vina mifuko ya hewa inayojaa na kupungua ili kuukanda mgongo, kwa sababu wahandisi wamejua kwamba kukaa bila kubadili mkao ni mateso hata juu ya ngozi laini.

Lakini lina kasoro yake. Kwa kuwa gari ni refu, huyumba kushoto na kulia kwenye barabara mbovu, na shingo ya abiria huyumba nalo.

3. Kiti cha gari la spoti

Gari la spoti limejengwa karibu na ardhi. Nyonga za dereva ziko chini, karibu sawa na visigino, na miguu imenyooshwa mbele. Springi zake ni ngumu na fupi. Likikata kona kwa kasi kwenye lami kavu, nguvu inayomsukuma dereva kando yaweza kukaribia uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo kiti chake kina kazi nyingine: kumshika mtu asiteleze. Kingo zake za pembeni zimeinuliwa zikabana mbavu na mapaja, na sponji yake ni ngumu.

Miongoni mwa majina makubwa katika viti hivi ni Recaro. Reutter ilikuwa karakana ya bodi za magari mjini Stuttgart, ikiitengenezea kampuni ya Porsche. Mwaka 1963 iliiuzia Porsche kazi ya bodi, ikabaki na kazi ya viti, na jina jipya likafanywa kwa kuunganisha herufi za kwanza za maneno "Reutter" na "Carosserie".

Mtu asidhani kwamba kiti kigumu ni kiti cha mateso. Madereva wengi hukaa saa nyingi katika kiti kizuri cha spoti bila kuumwa, kwa sababu kinalingana na mgongo toka kiuno hadi mabega, na misuli haina kazi ya kuuzuia mwili. Lakini kinamfaa yule tu mwenye umbo lililokusudiwa. Mtu mnene hubanwa na zile kingo, na mwenye magoti mabovu huhangaika kutoka.

4. Funzo la viti viwili

Basi kipi ni bora? Kwa safari ndefu ya barabara mbovu, shangingi. Kwa mwendo wa kasi wenye kona nyingi, gari la spoti. Lakini funzo kubwa kwetu ni haya matatu:

(a) Ulaini si starehe. Kiti laini mno hufurahisha dakika kumi za kwanza dukani. Baada ya saa mbili mwili umezama na kiuno kimepoteza egemeo. Isitoshe, kiti cha sponji tupu huitikia mtikisiko wa kiasi cha mara 4 kwa sekunde, yaani mwendo ule ule unaoudhuru mwili.

(b) Kiti hakifanyi kazi peke yake. Kile ambacho springi za gari hazikukipunguza, kiti lazima kikipunguze. Kisichopunguzwa na kiti hupokewa na mgongo.

(c) Kiti humfuata mwenye kuchagua. Mwenye shangingi hukijaribu kiti kabla ya kulipa. Dereva wa trekta hukikuta kiti kimekwisha kununuliwa na mtu ambaye hatakikalia.

5. Mashine zetu

Sasa tazama foklifti ya kiwandani. Nyingi zina magurudumu ya mpira mgumu usio na hewa, wala hazina springi. Kila ufa wa sakafu hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kwa hali hiyo foklifti ni ngumu kuliko gari la spoti, lakini mara nyingi imepewa kiti cha sponji kilichopasuka. Tena dereva wake hugeuza shingo na kiuno kutazama nyuma mara nyingi kila saa.

Trekta nalo, kwa kawaida ekseli yake ya nyuma imefungwa bila springi. Palipo na tairi na kiti tu, kiti ndicho ulinzi wa mwisho. Kwa sababu hiyo vilibuniwa viti vyenye springi au mfuko wa hewa na shokapu chini yake, pamoja na kitasa cha kupangia uzito wa dereva. Kiti kama hicho kikiwa kizima na kimepangwa sawasawa, hupunguza mtikisiko. Kikiwa kimekufa shokapu, au kimepangwa kwa mtu wa kilo 110 huku aliyekikalia ana kilo 60, hakimfai kitu.

6. Kipime kiti chako

Kila mwanachama anayefanya kazi kwa kukaa akipime kiti chake kwa utaratibu huu. Fundi wa cherehani apime mambo manne ya kwanza. Dereva apime yote.

1. Nyayo zikanyage chini au kwenye pedeli bila mapaja kuning'inia.
2. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.
3. Egemeo liguse kiuno, usawa wa mkanda wa suruali.
4. Egemeo lilale nyuma kidogo. Lisisimame wima kama ukuta.
5. Ukikanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo na mgongo usiache egemeo.
6. Kitasa cha uzito kipangwe kwa uzito wako. Kila zamu ikibadilika, kipangwe upya.
7. Ukipita kwenye shimo, kiti kisigonge chuma cha chini. Kikigonga, kimeharibika.

Andikeni majibu katika daftari la tawi: namba ya mashine, tarehe, kasoro, na siku msimamizi alipoarifiwa. Malalamiko ya mdomo husahauliwa; daftari halisahau.

Tuseme kweli pia: kiti peke yake si dawa ya kila maumivu. Kubeba mizigo, kuendesha kwa kasi njia yenye mashimo na kukaa saa nyingi bila kushuka huumiza vilevile. Kusawazisha njia ya shamba na kupunguza mwendo husaidia mgongo kama kiti kipya. Kushuka na kutembea dakika chache ni sehemu ya kazi, si uvivu.

7. Wanaotengeneza viti hivyo

Nyuma ya kila kiti cha kifahari wapo wafanyakazi. Sponji yake hutokana na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zikivutwa puani huweza kuleta pumu isiyopona. Ngozi yake hukatwa na kushonwa, na Afrika Kusini imekuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje vifuniko vya ngozi vya viti. Na kazi hiyo haina uhakika. Mwezi Julai 2024 kampuni ya viti vya magari ya Recaro huko Kirchheim, Ujerumani, ilikwenda mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni, na wafanyakazi zaidi ya 200 wakaingia mashakani. Jina kubwa juu ya kiti halikuwalinda waliokishona.

8. Sheria na mkataba

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1977 Mkataba Na. 148 juu ya hewa chafu, kelele na mitikisiko kazini. Mwaka 2022 lilitangaza kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni miongoni mwa haki za msingi za kazi. Huko Ulaya, sheria ya mwaka 2002 imeweka vipimo vya mtikisiko wa mwili mzima kwa siku ya saa 8: ukifika 0.5 (mita kwa sekunde kwa sekunde) mwajiri lazima achukue hatua, na 1.15 ni mwisho, haivukwi. Trekta shambani mara nyingi huvuka kipimo cha kwanza. Kenya nayo, katika sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, imewataka waajiri watoe viti vinavyofaa pale ambapo kazi yaweza kufanywa kwa kukaa.

Lakini sheria isiyodaiwa hulala. Tunapendekeza kifungu kama hiki kiingizwe katika mkataba wa hali bora:

"Mwajiri atatoa kiti chenye springi na egemeo la kiuno kwa kila dereva wa trekta na foklifti. Viti vitakaguliwa kila miezi mitatu na fundi pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi. Mashine ambayo kiti chake kimeharibika haitatumika mpaka kitengenezwe, na dereva hatakatwa mshahara. Kabla ya kununua mashine mpya, madereva watakijaribu kiti chake."

Tazameni hasa ule mstari wa mwisho. Ni haki ile ile aliyo nayo mnunuzi wa shangingi.

Maswali ya kujadili

1. Katika sehemu yenu ya kazi, nani huchagua mashine na viti? Aliwahi kuvikalia?
2. Ni mashine ngapi zina viti vilivyoharibika? Tangu lini?
3. Wachumaji na wakataji husafirishwa vipi kwenda shambani? Wakisimama ndani ya tela la trekta, mgongo wao na maisha yao yanalindwa na nini?
4. Mwajiri akisema kiti ni ghali, mtampa hesabu gani ya siku za ugonjwa na dereva aliyeacha kazi kwa maumivu?

Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyapeleka kwenye kamati ya usalama na afya kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.