Mpe Kila Mtu Kipande Chake cha Ukuta

Somo la viongozi na washirika wote
Soma: Nehemia 2:11-18, sura ya 3, 5:1-19



Nimekuwa nikikaa na viongozi wa idara na wa vikundi vya nyumbani, na lalamiko ni lile lile: "Pastor, watu wamepoa. Ukiitisha usafi wa kanisa wanakuja watatu. Ukiitisha mkesha, ni wale wale." Wengine wamejaribu kukemea kwenye maikrofoni, wengine kusoma majina ya wasiotoa. Watu wanaamka wiki mbili, halafu viti vinabaki tupu. Hebu tumwangalie Nehemia, maana watu aliowakuta Yerusalemu walikuwa wamepoa kuliko wetu. Walikuwa wakiishi kando ya vifusi na wameshavizoea.

Nehemia hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani, mtu wa kuajiriwa kama wengi wetu. Lakini ukuta ulimalizika kwa siku 52 (6:15). Aliwaamshaje watu?

1. Aliona kwanza, akasema baadaye
Alipofika alikaa siku 3. Kisha akatoka usiku na watu wachache, akakagua ukuta na malango yaliyoteketea, bila kumwambia mtu analokusudia. Alipofungua kinywa (2:17-18) hakusema "ninyi mmezembea." Alisema juu ya hali mbaya waliyo nayo wote, yeye akiwamo, kisha akawashuhudia jinsi mkono wa Mungu ulivyomsaidia. Ukisoma maneno yale huoni lawama hata moja. Na angalia, waliosema wainuke wajenge ni watu wenyewe.

Kiongozi, yule dada aliyeacha kuja mazoezi ya kwaya, umeshafika kwake? Pengine amebadilishiwa shifti kazini. Pengine ni nauli. Usimhubirie mtu ambaye hujamtembelea.

2. Alimpa kila mtu kipande chake
Sura ya 3 wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Lakini siri iko hapo. Makuhani walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake (3:28). Jamani, mtu anayejenga mbele ya mlango wake halipui kazi, kwa maana adui akipenya hapo anaingia kwake! Walikuwepo wafua dhahabu na watengenezaji wa manukato, watu ambao huenda hawakuwahi kushika jiwe la ujenzi. Alikuwepo Shalumu pamoja na binti zake (3:12). Na kila aliyeshika sehemu yake ameandikwa mpaka leo.

Nilipokuwa nikisomea biashara tulifundishwa juu ya Frederick Herzberg. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu, wakatoa kitabu mwaka wa 1959. Waliona kwamba mshahara mbaya humuudhi mfanyakazi, lakini linalomwasha hasa ni kupewa jukumu, kuona kazi yake imefaulu, na kutambuliwa. Nilipoisoma Nehemia 3 nikaona jambo hilo lilikuwa limeshafanyika Yerusalemu.

Sisi tunasema, "Wapendwa, tujitokeze kwa wingi." Wingi hauna jina. Mwambie kijana mmoja, "Sauti na vyombo vya ibada ya pili ni vyako mwezi huu," halafu umwachie. Akifanya vizuri, mtaje.

Je, kuna watakaokataa? Wapo. Wakuu wa Tekoa hawakuinamisha shingo kufanya kazi (3:5). Nehemia ameliandika hilo kwa mstari mmoja na kuendelea. Na Watekoa wa kawaida? Walimaliza sehemu yao, wakachukua na ya pili (3:27). Kiongozi anayetumia nguvu zake zote kwa wakuu wa Tekoa atawachosha hata Watekoa.

3. Hakuwala watu aliowaongoza
Katikati ya ujenzi kilio kilitokea. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba, watoto wao wanatiwa utumwani, na wanaowadai ni ndugu zao. Nehemia angesema, "Tumalize ukuta kwanza." Hakusema hivyo. Aliitisha mkutano na mali ikarudishwa. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12, hakula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito (5:14-18).

Hapa niseme wazi, tukiwamo sisi wachungaji. Mama mboga ametoa mchango wa viti, wa paa, wa mgeni, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ukimwita mvivu wa kiroho Jumapili hii, utakuwa umemvunja. Kumtia moyo kunaweza kuwa ni kuondoa jina lake kwenye orodha ya mchango mwezi huu, na kumuuliza karo imebaki ngapi.

Je, kukemea hakuna nafasi? Ipo. Nehemia alikemea sana. Lakini soma 5:7 uone aliowakemea: ni wakubwa waliokuwa wakiwalemea wadogo.

Ya kufanya wiki hii
Kila kiongozi aandike majina ya watu wake. Mbele ya kila jina aandike kipande alichompa. Palipo tupu, usiseme mtu huyo amepoa. Mtembelee kabla ya Jumapili.

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Ni nani kati yetu hajaonekana mwezi huu, na nani ataenda kumwona?
2. Ni kazi gani tunaifanya wawili watatu kila mara, ilhali tungeweza kumkabidhi mwingine?
3. Kuna mzigo gani tumewabebesha washirika ambao sisi wenyewe hatuubebi?

Tuombe
Bwana, tupe macho ya kuona kabla ya kusema. Utukumbushe kwamba watu hawa ni wako. Warudishe waliochoka, na utufundishe kuwabeba. Katika jina la Yesu, Amina.