Dondoo muhimu: Kabla hujabeba runinga bapa

Ukiingia soko la Kariakoo bila orodha, utatoka na runinga aliyoitaka muuzaji.

1. Pima sebule kwanza. Inchi huhesabiwa kona hadi kona ya kioo, si upana.
2. Usilipie 4K kwenye inchi 32. Ukiwa kwenye kochi hutaona tofauti.
3. Uliza kama ina king'amuzi cha ndani cha DVB-T2, kinachopokea chaneli za dijitali kwa antena. Neno “dijitali” kwenye boksi halitoshi.
4. Hesabu matundu ya HDMI: king'amuzi cha nje, spika, gemu za watoto. Moja halitoshi.
5. Runinga janja hula bando. Huna intaneti nyumbani? Chukua ya kawaida.
6. Iwashwe mbele yako, picha nyeupe kisha nyeusi. Ukiona doa au mstari, kataa, hata ukipunguziwa bei. Kubadilisha kioo hukaribia bei ya runinga mpya.
7. Dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri.