Cheti cha sekondari ukubwani: maswali ya Waswahili walioko Marekani

Wasomaji wetu waliotoka Kongo, Burundi, au kambi za Nyarugusu na Kakuma wakafikia Marekani huniuliza GED, mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari, inafanyikia wapi. Kabla sijajibu huwauliza mambo matatu: una umri gani, uliishia darasa la ngapi, na Kiingereza cha kusoma unakimudu kiasi gani? GED ni njia mojawapo tu, na wapo wanaoikimbilia wakati hawaihitaji kabisa.

Niliachia shule darasa la saba. Sasa nina miaka 36 na nafanya usafi hospitalini usiku. Nianzie wapi?

Anzia karibu na nyumbani, dada yangu, na usianze kwa kutoa pesa. Serikali ya shirikisho hufadhili elimu ya watu wazima katika kila jimbo chini ya sheria iitwayo WIOA, ya mwaka 2014, ndiyo maana madarasa mengi hayana ada au ada yake ni ndogo. Yanaendeshwa na vyuo vya jamii, idara za elimu za wilaya, maktaba, na mashirika yanayopokea wakimbizi. Ingia maktaba ya mtaani kwako uulize, au piga namba 211 uombe mkalimani.

Ukifika utapewa kipimo cha kusoma na cha hesabu, mara nyingi CASAS au TABE. Hakina kufeli, kazi yake ni kuonyesha ukae darasa gani. Nimeona watu wazima wakiondoka wasirudi kwa sababu walipangiwa Kiingereza kwanza, wakahisi wamedharauliwa. Tafadhali usiondoke. Kiingereza hicho ndicho kitakachokubeba kwenye mtihani. Uliza pia kama kuna darasa la asubuhi utakaloweza kuhudhuria ukitoka zamu, na kama kuna mahali pa kuwaacha watoto.

GED naweza kuifanya kwa Kiswahili?

Hapana. Ipo kwa Kiingereza na Kihispania tu, na ndivyo ilivyo pia kwa HiSET, mtihani unaotumika katika baadhi ya majimbo.

GED ilianza mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi waliokatiziwa masomo na vita. Leo ina mitihani minne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Kila mmoja alama zake ni kati ya 100 na 200, na kufaulu ni 145. Huna haja ya kuifanya yote siku moja, na uliofaulu haurudii.

Kinachowakwamisha wengi wetu ni mazoea. Tulisoma kwa kunakili ubaoni na kukariri, kisha tukayarudisha yale yale kwenye karatasi ya mtihani. GED inakupa kifungu cha habari, jedwali au grafu, halafu inauliza mwandishi amethibitisha nini, au takwimu zinaonyesha nini. Katika lugha utaandika insha ukipima hoja za watu wawili wanaopingana: nani ana ushahidi wenye nguvu zaidi? Swali si wewe unaona nini. Mtu hodari wa kukariri anaweza kuanguka hapo, na mama aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa majirani akaweza, maadamu amepata Kiingereza cha kutosha.

Maarifa ya jamii nayo, karibu nusu yake ni uraia na serikali ya Marekani. Muda utakaotumia kuielewa Katiba na Bunge lao utakufaa pia siku ya mahojiano ya uraia.

Mwanangu ana miaka 18. Shuleni wametuambia amechelewa, aende GED.

Mama, usikubali jibu la mdomo. Majimbo mengi humruhusu kijana kusoma shule ya umma bila ada hadi miaka 21. Texas inaruhusu hata walio chini ya 26, wilaya ikikubali. Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kisha uipeleke ofisi ya elimu ya wilaya pamoja na mtu wa shirika lililowapokea. Tangu hukumu ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, shule zinawajibika kumsaidia mwanafunzi asiyejua Kiingereza. Shuleni kijana anapata walimu wa kutwa, chakula, na marafiki wa kuzungumza nao lugha. Kumsukumia GED akiwa bado na haki hiyo ni kumdhulumu.

Nina Diploma ya Serikali ya Kongo. Nirudie yote?

Huenda huhitaji kurudia chochote. Itafsiri, kisha ipeleke kwenye taasisi ya kutathmini vyeti iliyo mwanachama wa NACES, muungano wa taasisi kama hizo. Ila uliza kwanza chuo au mwajiri unayemlenga anakubali tathmini ya nani, kwa sababu inalipiwa.

Kuna tangazo la diploma kwa wiki moja, unajibia nyumbani.

Achana nalo. GED ya nyumbani ipo katika majimbo mengi, lakini unajisajili kwenye ged.com, msimamizi anakutazama kwa kamera, na lazima kwanza ufaulu jaribio liitwalo GED Ready.

Nitajuaje kwamba niko tayari?

Kwa jaribio hilo hilo la GED Ready, hata kama utafanyia mtihani kituoni. Linafanywa somo moja moja. Kijani ina maana una uwezekano mkubwa wa kufaulu: weka tarehe. Ukipata njano au nyekundu, mpelekee mwalimu wako ripoti, maana huorodhesha stadi zinazokupungukia, na darasa la wiki inayofuata lianzie hapo.