Usifuate Jina, Fuata Kilima

Ujumbe huingia usiku, kutoka Kampala, Bruxelles au Montreal: "Natafuta ukoo wa Habimana wa Rubona. Babu yangu alitoka huko." Anayeuliza ana hamu ya kweli, na jina ameliandika bila kosa. Ila kumtafuta Habimana huku Rubavu, Rwanda, ni sawa na kusimama katikati ya Kariakoo ukaita "Juma!" Watageuka wengi, na huenda wasiwemo hata wawili wenye undugu wa mbali.

Wenzetu wa Scotland kazi yao ina njia iliyokwisha kufyekwa. Serikali yao inaandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1855, daftari lao la parokia lililo kongwe kuliko yote linaanzia 1553, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo inasomeka Edinburgh au kwenye intaneti kwa malipo madogo. Jina nalo linashikana na damu: "Mac" maana yake ni mwana wa. Alexander Mackay, yule fundi na mmisionari wa Uganda, alizaliwa Rhynie mwaka 1849 na akafia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1890. Anayetaka kumjua babu wa Mackay hana haja ya kufika Usambiro. Atashika jina la Mackay na kijiji cha Rhynie, kisha atarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Miongozo mingi ya kutafuta ukoo imeandikwa kwa ajili ya watu wenye majina ya aina hiyo. Ukiibeba ilivyo ukaja nayo hapa kando ya Ziwa Kivu, utakwama siku ya kwanza.

Sababu ni kwamba kwa mila ya Kinyarwanda hakuna jina la ukoo linalorithiwa. Zamani mtoto alipewa jina siku ya nane baada ya kuzaliwa, jina lake peke yake. Baba anaweza kuitwa Ntamuhanga, mwanawe wa kwanza Habimana, wa pili Bizimana, binti Mukamana. Hakuna silabi ya baba iliyovuka kwenda kwa mtoto. Wenye kujua lugha watakuambia kwamba majina haya ni sentensi: Habimana ni tamko kwamba Mungu ndiye aliyepo, Bizimana kwamba Mungu ndiye ajuaye. Lingine ni shukrani, lingine ombi la mtu aliyezika watoto wawili, na lingine, tusifichane, ni kijembe kwa jirani. Jina la Kinyarwanda litakueleza baba aliamkaje siku ile. Halitakueleza yeye alikuwa mtoto wa nani.

Mambo yanabadilika mtu anapovuka mpaka. Karani wa Ubelgiji au Canada anataka jina la familia, basi anachukua Habimana na kuwabandika watoto wote, wajukuu pia. Kwa hiyo "ukoo wa Habimana" wa Montreal upo kweli, lakini umeanzia kwenye dawati la uhamiaji, na ndugu zake waliobaki Rubona hawana habari nao. Wanaitwa majina mengine kabisa.

Kinachosafiri vizuri kuliko jina ni kilima. Mnyarwanda wa zamani alijitambulisha kwa kilima chake, na vilima havihami, ingawa ofisi zinazovisimamia zimebadilishwa mara nyingi. Rubona iko kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, kwenye ghuba ya ziwa. Leo imo katika murenge, yaani sekta, wa Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi, lakini mpangilio huo ni wa mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo palikuwa na komini ya Nyamyumba chini ya prefektura ya Gisenyi. Kabla ya komini walikuwapo machifu na machifu wadogo, na nchi yote ya hapa iliitwa Bugoyi, jina ambalo wazee bado wanalitumia. Karatasi ya babu ikisema "Bugoyi", usiipekue ramani ya sasa ukitafuta wilaya yenye jina hilo. Ikisema "Kisenyi" au "Kissenji", ni Gisenyi hiyohiyo, imeandikwa na Mbelgiji au Mjerumani kama sikio lake lilivyopokea. Tahadhari hiyo ichukue hadi kwenye majina ya watu: R na L hubadilishana bila aibu, hivyo Rukara anaweza kuwa Lukara ukurasa wa pili wa daftari lilelile. Andika maumbo yote unayoweza kuyafikiria kabla hujafungua kitabu chochote.

Jambo moja zaidi kuhusu Rubona yenyewe. Ni mahali pa bandari na pa kiwanda; Bralirwa, iliyoanzishwa mwaka 1957, hutengeneza bia hapa. Mtu anaweza kuwa amezaliwa hapa, amelelewa hapa na kusoma hapa, huku kilima cha baba yake kiko mbali, kwa kuwa baba alifuata mshahara au mtumbwi. Kwa hiyo usiulize tu "alizaliwa wapi?" Uliza pia "akifa mtu, mlikwenda kuzika wapi?" Mimi swali hili la pili ndilo ninaloliamini.

Ukishapata kilima, nenda kanisani hata kama wewe si mtu wa kanisa. Nyundo, juu ya barabara ya kutoka Gisenyi, ilifunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya Save, misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini. Parokia nyingi za upande huu zilizaliwa kutoka kwake. Kama babu alibatizwa kabla parokia ya kijijini kwenu haijaanzishwa, usimtafute kijijini. Mtafute kwa mama, Nyundo.

Daftari la ubatizo ndilo hati inayokaribia kuziba pengo la jina la ukoo, maana mstari mmoja unawakusanya watu ambao majina yao hayafanani hata kidogo: aliyebatizwa, baba yake, mama yake, msimamizi wake, na mara nyingi kilima. Lakini usiishie kwenye mstari. Tazama pembeni. Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa parokia nyingine, taarifa irudishwe alikobatizwa na iandikwe ukingoni mwa jina lake. Maneno mawili matatu ya wino tofauti, mwandiko wa padri mwingine, mwaka na jina la misheni ya ng'ambo, na hapo unajua kijana aliyepotea kwenye masimulizi ya familia alioa Masisi ya Kongo au Buganda, na mwaka gani. Nimeona watu wakipiga picha safu ya jina na tarehe, wakauacha ukingo nje ya picha. Wamepiga picha ya mlango, wakaacha nyumba.

Andika barua ya kuomba kabla hujafika, taja miaka unayoitaka, usidai kupekua mwenyewe, na toa sadaka bila kusubiri kuombwa. Mwenye Biblia ya Kiprotestanti nyumbani aanze na kanisa lake: Wapresbiteri wana mizizi ya mwaka 1907, wakati wamisionari wa Bethel walipokuja kutoka Ujerumani. Waislamu wa mjini wana nafuu ya namna nyingine, kwani mlolongo wa "bin" na "binti", au jina la baba kufuata la mtoto, huwapa vizazi viwili au vitatu kwenye cheti kimoja cha ndoa.

Sasa wazee. Hapa ndipo wageni wengi, hata wajukuu wa damu, wanapoharibu.

Kosa la kwanza ni kufika na daftari mkononi na kuuliza jina la babu wa babu. Kwa mwenye nyumba, hilo ni swali la shamba. Ardhi hapa ni finyu, na uandikishaji wa viwanja uliofikia zaidi ya viwanja milioni 10 nchi nzima mwaka 2013 uliwafanya watu waone kwamba kujua nani ni mwana wa nani ni kujua nani anadai nini. Anayekuja kutoka Ulaya akiuliza nasaba, jirani anamhesabia mipaka. Basi tanguliza mtu anayejulikana pale, amkia, kaa, kunywa ulichopewa, kisha sema waziwazi: sikuja kwa ajili ya ardhi, nimekuja kuwajua watu. Sema hivyo mbele ya watoto wa mzee pia, si mbele yake peke yake.

Kosa la pili ni neno. Kinyarwanda kinaita ukoo mkubwa *ubwoko*, lakini vitambulisho vilivyoanza miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji vililitumia neno hilohilo kwa Mhutu, Mtutsi na Mtwa, na vilidumu hivyo hadi 1994. Ukimwuliza mzee *ubwoko* wake, hujui amesikia maana ipi kati ya hizo mbili. Anza na *umuryango*, yaani familia, au uliza tu "yeye ni *mwene* nani?", mwana wa nani. Mwombe akutajie *ibisekuruza*, vizazi vyake. Mzee wa kweli huvikariri kwa mfululizo, jina kwa jina, akiunganisha kwa kineno kidogo kama "wa" yetu. Usimkatize ili kusahihisha mwaka. Rekodi sauti akikuruhusu, utaandika baadaye.

Jina la ukoo mkubwa litajitokeza lenyewe: Abasinga, Abazigaba, Abagesera, Abega, Abanyiginya na kadhalika. Marcel d'Hertefelt, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1971, aliorodhesha koo kubwa zipatazo 18, na kila moja ilikuwa na Wahutu, Watutsi na hata Watwa ndani yake. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake: chui wa Abazigaba, korongo mwenye ushungi wa Abanyiginya, chura wa Abega, kindege cha *inyamanza* cha Abagesera. Ni jambo la kupendeza, lakini usilipe uzito mno. Kukuta nawe ni Musinga kama mwenyeji wako hakuonyeshi kwamba mna babu mmoja. Koo hizi ni pana kama nchi yenyewe. Kinachokusaidia ni ngazi za chini yake, umuryango na *inzu*, nyumba ya babu fulani kwenye kilima fulani.

Na mzee akisema "huyo hayupo", akanyamaza, nawe nyamaza. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Nyundo waliuawa pale pale, na chama cha manusura GAERG kimehesabu nchini familia 15,593 ambazo hazikubakiza hata mtu mmoja. Safari ya kutafuta nasaba isipangwe juma la kumbukumbu linaloanza tarehe 7 Aprili, isipokuwa umealikwa kuomboleza. Aliyepotezana na ndugu utotoni katika msukosuko wa mwaka ule, Gisenyi ilipojaa watu waliokuwa wakivuka kwenda Goma, asihangaike na madaftari kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu kina kazi maalumu ya kuunganisha familia zilizotenganishwa.

Kwa walioondoka mapema, jua waliondokea mlango gani, maana kila mlango uliwabadilisha majina kwa namna yake. Miaka ya 1920 migodi ya Katanga ilikuja kuandikisha vibarua Rwanda. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya watu, Gishari kikiwa kitovu cha mpango huo. Wajukuu wao wakitafuta hati wakumbuke mwaka 1972, pale Mobutu alipofuta majina ya ubatizo Zaire: Petero Habimana wa daftari la Nyundo anakuwa Habimana na jina jingine la Kiafrika kwenye kitambulisho cha Kongo, na ukimtafuta Petero upande ule hayupo. Waliokwenda kulima pamba na kahawa Buganda, wengi walichukua majina ya Kiganda ili waishi kwa amani na wenyeji. Huko muulize bibi, "Babu alipolewa alikuwa anaimba kwa lugha gani, na anataja milima gani?" Swali la kijinga hili limefungua milango mingi kuliko cheti.

Karatasi za Wabelgiji zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Bruxelles, na zinafaa zaidi kwa aliyetokana na chifu, karani au askari kuliko mkulima wa kawaida. Hati za sasa za kuzaliwa na ndoa huombwa kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali, au ofisi ya murenge. Vipimo vya vinasaba? Vitakuonyesha binamu waliokwisha kupimwa, na binamu zako wa Nyamyumba hawajapimwa. Tunza fedha hiyo uje nayo nauli.

Ukija, shuka Rubona alasiri. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, huondoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na kabla ya hapo hukaa ufukweni wakishona nyavu. Wengi wanazungumza Kiswahili, cha Goma zaidi kuliko cha Dar, na mtu anayeshona wavu hana haraka. Usitaje jina la babu kwanza. Taja kilima, taja mwaka aliovuka, taja aliyekuwa jirani yake, na umwache mmoja wao ainue kichwa na kuuliza yeye.

Kabla hujaondoka, piga chapa nakala mbili za ulichoandika. Moja mpe mzee, na nyingine mpe mjukuu wake anayejua kusoma, amsomee jioni. Kesho yake asubuhi pita tena. Ndipo atakapokuambia ulipokosea.