Usiku Ule Insulini Iliingia, Biskuti Haikuliwa

Shangazi,

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Mombasa, na sasa ni mwaka wa 11 niko Marekani. Nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Wengi wa wazee wangu wana kisukari. Kwa hivyo kiangazi kilichopita, kambi moja ya watoto wenye kisukari ilipotafuta manesi wa kujitolea kwa wiki moja, niliona hiyo ni kazi ninayoijua. Nikachukua likizo, nikaenda.

Shangazi, sikuwahi kuona watoto wengi hivyo wakijidunga wenyewe. Kabla ya kula kila mmoja anapima, anahesabu wanga uliomo kwenye sahani yake, anajidunga, anakula. Walezi wao ni vijana, na wengi wao wana kisukari vilevile. Hakuna anayemshangaa mwenzake.

Usiku wa nne tulikuwa na moto wa kambi. Pale huoka peremende laini kwenye kijiti, wakaibana na chokoleti katikati ya biskuti mbili. Nilimwona binti wa miaka 9, wa kibanda changu, ameshika yake, hajaiuma. Mimi nimelelewa nikiambiwa sukari ni sumu kwa mwenye kisukari, na kazini kila jioni nawaondolea wazee peremende. Nikamnyang'anya, nikaitupa motoni. Alisema kitu, lakini kwa zile nyimbo sikumsikia. Nikampeleka kulala.

Saa nne na nusu mlezi wake alisikia anakoroma vibaya. Tulimkuta shuka zimelowa jasho, na mara degedege likamshika. Kipimo kilisoma 38. Kile kifaa chake cha kubandika mkononi, ambacho hulia sukari ikishuka, kilibanduka ziwani mchana. Mlezi alimdunga glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, pajani wakati mimi bado nahangaika na kifuniko cha sanduku. Mtoto akaamka, akatapika, akalia, akanywa juisi. Asubuhi alikuwa anacheza na wenzake.

Daktari wa kambi alisoma daftari: saa mbili na nusu, uniti 2 kwa gramu 30 za wanga. Nilimsikia akimwambia mama wa mtoto kwa simu kwamba ni kuogelea kulikozidi, na insulini ya usiku ipunguzwe. Nilikuwa nimesimama palepale. Sikusema neno.

Sasa wamenialika tena, wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema wiki hiyo nifanye ovataimu, karo zinatungoja. Yeye hajui kilichotokea. Hakuna anayejua, naogopa leseni yangu. Shangazi, niende au nisiende?

Nesi Asiyelala, Marekani

*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza uende au usiende, nami nitakujibu, ila si kwanza. Kuna mtu katika barua hii ambaye hukumuulizia: binti yule, ambaye sasa ana miaka 10. Tangu usiku ule, yeye anaamini nini kuhusu mwili wake?

Tuanze na kosa lenyewe, maana ulikosa, na nikikuambia hukukosa utaacha kuniamini kwa mengine yote. Aghalabu wazee wana kisukari cha aina ya pili. Insulini mwilini mwao ipo ila haifanyi kazi sawasawa au haitoshi, na kuwapunguzia vitamu ni sehemu ya matibabu. Binti yule ana aina ya kwanza. Kongosho lake halitengenezi insulini ya kumtosha kuishi, kwa hivyo anaitia mwenyewe kwa sindano, akiilinganisha na chakula kitakachokuja. Alipoketi karibu na ule moto alikuwa ameshahesabu: gramu 30 za wanga, uniti 2. Ameshajidunga. Insulini ya haraka huanza kazi kama robo saa tangu iingie, na nguvu zake hufikia kilele kati ya saa moja na mbili. Ikishaingia hairudi. Ile biskuti mwanangu ilikuwa ndiyo nusu ya pili ya sindano yake, nawe ukaitupa motoni. Mlezi alimsikia saa nne na nusu, saa mbili kamili tangu ajidunge.

(Kwa wasomaji wa huku wanaopima kwa milimoli, 38 ya Marekani ni kama 2.1 yetu. Chini ya 3.9 tayari mtoto anahitaji kitu kitamu mara moja.)

Daktari hakusema uongo alipotaja kuogelea. Mtoto aliyecheza ziwani mchana kutwa, mwili wake huendelea kunyonya sukari hadi usiku wa manane. Ndiyo maana kambi hizi mara nyingi hupunguza insulini tangu siku ya kwanza, na watu wa zamu hupita vitandani na vipima sukari usiku. Kuogelea kulikuwepo, ila hakukuwa peke yake. Daktari alilisoma daftari kama lilivyoandikwa, na daftari lilisema binti amekula.

Mkono ulioitupa ile biskuti ni mkono wa zamani kuliko wewe. Kabla ya insulini, dawa iliyokuwepo ilikuwa njaa. Frederick Allen, daktari wa New York, aliwalisha wagonjwa wake kidogo mno, na watoto walibaki mifupa ili waongezewe miezi. Hakufanya hivyo kwa ukatili, hakuwa na kingine. Kisha Januari 1922 kule Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, akadungwa insulini, akainuka. Miaka mitatu tu baadaye, 1925, huko Michigan, daktari Leonard Wendt alifungua kambi ya watoto wenye kisukari. Mwaka 1932 ikaja ya wasichana Massachusetts, mahali alipozaliwa Clara Barton, yule mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Hebu fikiria: watoto ambao miaka michache nyuma wangekufa kwa kukonda, sasa wanapelekwa kupiga kasia. Tangu hapo, kazi ya nesi wa kambi ni kumwezesha mtoto ale, aogelee, achafuke na alale kama watoto wengine. Mimi naiona ni kazi ngumu kuliko ya wodini, kwa sababu wodini mgonjwa ametulia kitandani, na kule anakukimbia.

Hata mimi nimewahi kushika nisichopaswa kushika. Nilikuwa nesi kijana katika zahanati moja ya pwani. Foleni ndefu, jua kali, na mama mmoja anamnywesha soda mwanawe mwenye kisukari. Nikamvamia, nikampokonya chupa mbele ya watu. Mama yule hakunijibu. Aliinyakua chupa kutoka mkononi mwangu, akaendelea kumnywesha. Nilipompima mtoto, tayari amekwisha kunywa robo ya chupa, alisoma 2.6. Mama alikuwa ameona jasho juu ya mdomo wa mwanawe, na macho yaliyokuwa yakitazama bila kuona. Mimi niliona soda. Binti yule hakuwa na mama pale motoni wa kukunyang'anya. Alikuwa na sauti yake tu, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba alisema kitu.

Unadhani alisema nini? Nadhani alisema, "Nimeshajidunga."

Sasa tazama alichorudi nacho nyumbani. Ameambiwa ni kuogelea. Insulini yake ya usiku imepunguzwa. Yawezekana mama yake aliirudisha baadaye kwa kufuata vipimo, akina mama hawa wako macho. Lakini yawezekana pia binti ameacha kuogelea, au kila akikaribia maji mama anamwita atoke. Na linaloniuma zaidi ni kwamba mtoto wa miaka 9 anajua hakuila ile biskuti. Anajua alijidunga. Huenda hakusema kwa kuwa anadhani kosa ni lake, kwamba angepaswa kupaza sauti, au kumkimbilia mlezi. Umelibeba jambo hili mwaka mzima na una miaka yako. Yeye analibeba akiwa darasa la nne.

Kwa hivyo, mwanangu, andika. Kabla ya kujibu mwaliko, mwandikie daktari wa kambi, yeye mwenyewe, barua isiyopitia mikono ya wengine. Usijieleze sana. Mwambie: usiku wa tarehe fulani, mtoto fulani alijidunga uniti 2 kwa ajili ya biskuti, mimi nikamnyang'anya biskuti kabla hajaila, sikumsikia aliponiambia, na sikukueleza uliposoma daftari. Naomba wazazi wajulishwe ili sababu ya sukari kushuka isahihishwe. Basi. Usiwatafute wazazi wewe mwenyewe. Kuwajulisha ni kazi ya kambi, na ukiwapigia simu kwa machozi utawaomba wakutulize badala ya kuwapa taarifa ya mtoto wao.

Leseni. Sitakuahidi kwamba hakuna litakalotokea. Kabla ya kutuma, ongea na wakili anayejua sheria za manesi katika jimbo lako, akusaidie namna ya kuandika. Lakini mpe wiki moja, siyo miezi mitatu. Ninalolijua baada ya miaka yangu hospitalini ni kwamba kosa la biskuti linaelezeka. Ulitoka kwa wazee, ukatiwa katikati ya watoto, na nakuuliza pia kambi ilikufundisha kwa muda gani kabla ya kukukabidhi kibanda. Kunyamaza ndiko kusikoelezeka, na kila mwezi unaopita unakuongezea. Na usijidanganye kwamba barua yako ni ya kujitubia tu. Wakijua, mwaka huu huenda nesi mgeni atafundishwa siku ya kwanza kwamba chakula kilichoandikwa daftarini hakiguswi. Huenda tiki ya "amejidunga" ikatenganishwa na ya "amekula". Mtoto mwingine atalala salama kwa sababu yako.

Mumeo mwambie leo. Habari za ovataimu mtazimaliza wenyewe, wiki moja haiwezi kuvunja nyumba wala kuijenga. Yeye anabishana nawe juu ya pesa kwa kuwa hajui mnabishana juu ya nini.

Nimefika kwenye swali lako. Kambi ikishajua yote na bado ikakutaka, nenda. Wakikukataa, pokea, wana haki, na huko wazee wako wanakuhitaji. Lakini wakikutaka, usirudi vilevile ulivyokwenda. Omba upewe mafunzo kabla watoto hawajafika, siyo baada. Lifungue sanduku la glukagoni kwa mikono yako mara kumi, ile ya mazoezi, mpaka vidole vijue. Omba zamu zako za kwanza uwe na mwenzako. Na wale walezi vijana, wawe walimu wako. Yule aliyemdunga binti pajani usiku ule hakuisoma hali ile kitabuni. Amewahi kuamka na shuka zilizolowa akiwa mtoto, au ameogopa kulala kwa kuhofia hilo. Keti naye, muulize.

Na moto ukiwashwa, ukimwona mtoto na kitu kitamu mkononi, piga magoti ufike usawa wa uso wake, umuulize maswali mawili: "Umepima ngapi? Umejidunga ngapi?" Kisha nyamaza usikie jibu. Kama nyimbo zina kelele, mtoe kando na biskuti yake mkononi.

Ikiwa binti yule atarudi, usimkimbilie. Daktari aongee na wazazi kwanza, nao wakubali. Halafu mkae mahali penye watu, mchana, na mtu wa kambi akiwepo. Usimwombe akusamehe, ni mzigo mzito kumpa mtoto. Mwambie kwamba usiku ule hesabu yake ilikuwa sahihi, gramu 30, uniti 2, na kwamba wewe ndiye uliyeiharibu. Mwambie na kuogelea aogelee. Akitaka kuuliza kitu, safari hii msikie mpaka mwisho.

Wako Shangazi