Viyoyozi juu ya paa la Kiponda

*Mshauri, marehemu baba yetu alituachia nyumba ya ghorofa mbili Kiponda, Mji Mkongwe. Warithi ni watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike aliyeolewa Maskati. Tuna vyumba sita vya wageni, na kila Februari wageni wanatukimbia kwa joto. Kaka akaleta fundi, wakafunga fremu za chuma juu ya paa ili ziwekwe mashine sita za viyoyozi. Mamlaka ya Mji Mkongwe ikatusimamisha, maana hatukuomba kibali. Jirani wa upande wa pili wa chochoro hatuamkii tena. Sasa kaka anataka fundi amalizie Jumamosi usiku, anasema wakija watakuta kazi imekwisha. Nimeshindwa kulala. Nifanyeje? — Mrithi*

Dada yangu, la Jumamosi usiku likataeni kabisa. Leo nyinyi ni watu mlioanza kazi bila kibali, kosa ambalo ofisi imelizoea. Mkimalizia gizani baada ya kusimamishwa, mtakuwa mmeidharau amri, na hapo hata afisa anayewahurumia hana la kuwasaidia.

Kaka atauliza, mbona wakubwa wanajenga? Ana haki ya kuuliza. Mradi wa hoteli ya Mambo Msiige, Shangani, uliifanya hata Kamati ya Urithi wa Dunia ilalamike. Lakini hiyo ni hoja ya barazani. Haijampatia mtu kibali hata siku moja.

Afadhali mjue Mamlaka inalinda nini. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na ulioingia ni mji mzima pamoja na mapaa yake. Ukifika kwa boti kutoka Dar, kabla hujaona mlango mmoja wa nakshi unaona mapaa. Ndiyo maana jibu la "huko juu nani ataona?" halifui dafu.

Na kuna nyumba yenyewe. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani. Adui wa boriti ni maji. Mashine moja ya chumba si mzigo wa kutisha, uzito wake haufiki wa mtu mzima. Kinachonitia wasiwasi ni misumari ya fremu iliyotoboa paa, mtetemo wa mashine sita kwa pamoja, na maji yanayotiririka kwenye kiyoyozi, lita kadhaa kila siku katika hewa yetu hii nzito. Yakipata njia ya kuingia ukutani, hamtajua mpaka sakafu ianze kubonyea. Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, sidhani yupo mkaguzi mjini hapa anayelitazama paa la zamani kwa wepesi.

Sasa nikuulize: kwa nini sita? Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya upepo. Dari ziko juu, madirisha ni marefu, kiwanda, yaani ua wa katikati, kinavuta hewa. Nadhani wanaoungua ni wageni wa ghorofa ya juu, walio chini ya mabati. Anzeni hapo: wekeni kizuizi cha joto chini ya mabati, fungueni madirisha yaliyozibwa, tundikeni mapangaboi. Kisha hesabuni upya. Huenda mkabaki na vyumba viwili au vitatu vinavyohitaji mashine kweli, na ombi la mashine tatu zisizoonekana ni rahisi kulitetea kuliko la sita. Lakini hivyo vitakavyopozwa, tazameni kuta zake kwanza. Kama zimepigwa saruji au rangi ya plastiki, unyevu hauna pa kutokea. Chumba kikiwa baridi, ukuta utatoa jasho na ukungu utafuata. Bandueni, mrudishe chokaa.

Mashine zikae upande wa kiwanda, chini ya kimo cha ukingo wa paa, na uzito wake ubebwe na ukuta mnene, boriti ziachwe. Mabomba yateremke ndani ya kiwanda, yasipite kwenye uso wa nyumba. Maji yaingie kwenye bomba lake mpaka kwenye mtaro, yasimdondokee mpita njia. Nyaya za umeme nazo zikaguliwe, hasa kama ni za enzi ya baba yenu.

Kabla ya kuchora chochote, nendeni ofisini na barua fupi inayokiri kwamba kazi ilianza bila kibali, imesimama, na mko tayari kuzitoa fremu. Ombeni mkaguzi aje aone paa, awaambie kipi hakitakubalika. Kuna jambo dogo linalosaidia kuliko maneno mengi: tengenezeni boksi tupu la mbao lenye ukubwa wa mashine, liwekeni pale mnapopataka, mlipige picha kutoka chochoroni na kutoka kwenye mapaa ya majirani. Likionekana, sogezeni mpaka lisionekane. Picha hizo ziambatane na mchoro.

Ombi liwe na ridhaa ya warithi wote kwa maandishi. Kwa mirathi ya Kiislamu fungu la kaka yenu ni kubwa kuliko la kila mmoja wenu, lakini halimfanyi awe mwenye nyumba peke yake. Mdogo wenu atume hati ya uwakala kutoka Maskati, na si ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp.

Kwa jirani nenda wewe, mchana, kabla picha hazijapigwa. Usiende kuomba radhi tu, muulize dirisha lake la kulala liko wapi. Katika chochoro ambalo watu wanapeana chumvi dirishani, mngurumo wa mashine ni shauri lake pia. Akikuruhusu kupiga picha kutoka juu kwake, umeshapata zaidi ya picha.

Na kaka usimshinde mbele ya watu. Alitaka wageni wasihame, na hilo ni la wote. Mpe kazi ya boksi la mbao, na mkaguzi akija, yeye ndiye ampandishe juu.